Mwalimu Akiumwa, Nani Atatoa Do?

(Maneno niliyoyasema Tabora mjini mbele ya walimu na viongozi wa kwaya, Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza vicheko na pale nilipojirudia.)

Tumsifu Yesu Kristo. Mwangaluka. Ndugu zangu Wamoraviani niliowaona mkiingia na tarumbeta zenu, Bwana asifiwe. Na mzee wangu wa kule mlangoni, ambaye najua hakufuata kwaya hapa, ila duka lake liko hapo nje na kelele zetu za asubuhi zimemfukuzia wateja, asalaam alaykum, na shikamoo.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie safari ya maisha yangu katika muziki. Nilipoisoma nikamwambia binti yangu, hawa wameshaanza kunisukia shada. Mtu akiombwa aeleze safari yake, ina maana wanamwona amefika. Mimi sijafika. Juzi Alhamisi nilikuwa na watoto 14 chini ya mwembe uani kwangu, tunahangaika na fa, noti ya nne katika do, re, mi. Kwa hiyo ya safari nitayasema kidogo, na sehemu kubwa nitasema jambo moja linalonikera. Mtanivumilia, nyinyi ndio mliomwita mwalimu mstaafu na kumpa kipaza sauti.

Nianzie pale ninapoona aibu.

Mwaka wangu wa kumi na moja wa kufundisha kwaya ya parokia nililazwa kwa upasuaji. Majilio yalikuwa yameanza. Kwaya ilikuwa na watu 42, na wimbo mpya wa Noeli tulikuwa tumeufikisha katikati, mahali ambapo soprano na tena wameachwa wamesimama hewani wakisubiri alto iwaokoe. Hapo ndipo tumbo lilipokataa.

Siku ya tatu baada ya kushonwa, katibu wa kwaya akaja wodini kwa baiskeli, kaunta buku kwapani. Habari ya kidonda hakuiuliza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua ukurasa, akaweka kidole: "Mwalimu, hapa panasemaje?" Nikamwimbia ile alto kwa kunong'ona, nimebana nyuzi kwa mkono. Akarudia. Nikamrekebisha. Mama wa kitanda cha pili akaanza kuimba nasi. Alikuwa Msabato, na kusema kweli alimpita katibu wangu kwa mbali. Nesi akaja akatufokea wote watatu. Basi katibu akapanda baiskeli, akaondoka akiimba ile alto njia nzima ili isimponyoke. Ila huu ni Unyamwezi. Mtu hapiti njiani bila kusalimiwa, na akisalimiwa haitikii kwa neno moja akaondoka. Alisalimiwa, akaitikia, akauliza za nyumbani, akaulizwa za mgonjwa. Niliambiwa baadaye kwamba kilichofika kanisani kilikuwa besi.

Noeli ile waliimba nyimbo za zamani. Hakuna aliyekufa, wala sidhani kama Baba Paroko aligundua. Lakini mimi habari ile niliilalia siku nyingi pale kitandani, kwa sababu wimbo ulikuwamo wote ndani ya ile kaunta buku, noti ya kwanza hadi ya mwisho, sauti zote nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Watu 42, wote wamesoma, wanne kati yao walimu, mmoja karani wa mahakama, na hakuna aliyeweza kuusoma. Miaka kumi na moja nilikuwa naimba, wanarudia, naimba, wanarudia. Na kuna neno ambalo hata kwenye kitubio sikulipeleka: nilipenda hivyo. Nikichelewa mazoezini na kukuta wote wamekaa kwenye mabenchi wakinitazama kama vifaranga, moyo wangu ulikuwa unafurahi.

Jambo linalonikera ndilo hilo. Nimelianza kwangu ili msije mkasema bibi huyu amekuja kututukana.

Mimi ni wa hapahapa. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na Tabora ya utoto wangu ilikuwa mji wa dansi. Wa umri wangu bado wanabishana bendi ipi ilikuwa kali zaidi, Kiko Kids, Nyanyembe au Tabora Jazz, na mabishano hayo huwa hayaishi bila mtu kununiana na mwenziwe. Sisi watoto hatukuruhusiwa ukumbini. Tulikaa nje, mgongo ukutani, na ukuta haupitishi kila kitu: maneno ya mwimbaji hayakufika vizuri, gitaa la solo lilifika nusu, lakini gitaa la besi lilipita kwenye tofali likaingia mgongoni. Nadhani ndiyo maana hadi leo nikiingia kwenye kwaya yoyote sikio langu linaanzia chini. Soprano watajisemea wenyewe.

Ualimu wa shule ya msingi ndio ulionilisha. Muziki wa darasani niliupata Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, na huko ndiko nilikosoma solfa, ule uandishi wa muziki kwa do, re, mi, kwa utaratibu. Nikapangiwa kijijini wilaya ya Urambo, nikarudi mjini, nikafundisha hadi nikastaafu. Kuna mwalimu mkuu mmoja ambaye kila ikifika miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa darasa la saba alikuwa akikichukua kipindi changu cha kuimba kukifanya cha hesabu, na nilipolalamika akaniambia wimbo hautoki kwenye mtihani. Sikumjibu. Niliwafundisha watoto wake jedwali la nane kwa kuimba, kwenye kipindi kilekile cha hesabu, na jedwali la nane likawakaa. Tuliache hilo.

Nataka tuzungumze kuhusu solfa yenyewe, kwa sababu vijana wengi wanadhani ni kitu cha kizee tu, kama gramafoni.

Shida yangu ya wodini aliwahi kuwa nayo mmonaki wa Italia, karne ya 11, jina lake Guido wa Arezzo. Waimbaji wake walimaliza miaka na miaka wakikariri nyimbo mojamoja, na asipokuwapo wa kuwaimbia hawana cha kufanya. Guido akachukua utenzi mmoja wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya kwanza kila mmoja unaanza noti moja juu ya uliotangulia, akatwaa silabi za mwanzo wa mistari: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Mwimbaji akishajua silabi hizo zinakaa wapi, anaweza kuuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia maishani mwake.

Miaka kama mia nane ikapita. Huko Norwich, Uingereza, mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, akaanza kuwaandikia watoto noti kwa herufi tu. Mwaka 1841, kwenye mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, mchungaji John Curwen akatakiwa atafute njia nyepesi ya kuwafundisha watu kuimba. Curwen mwenyewe hakuwa mwanamuziki wa kusomea, na nadhani hilo lilimsaidia. Alichukua utaratibu wa Glover, akaurekebisha, akaueneza. Hizo ndizo d, r, m, f, s, l, t zetu, na nukta pacha kati ya mpigo na mpigo, na kistari cha kushikilia. Ile ti zamani iliitwa si. Ikabadilishwa kwa kuwa so na si zote zinaanza na s, na mtu anayesoma kwa herufi mojamoja angechanganyikiwa.

Uzuri wake ni kwamba haidai mistari mitano wala vichwa vya noti vya kuchora. Herufi za kawaida zinatosha. Mtambo wowote wa kuchapa gazeti unaweza kuchapa solfa, taipureta ya ofisi ya kijiji inaweza, mtoto mwenye penseli anaweza. Ndivyo ilivyoingia kwenye mizigo ya wamisionari na kuenea Afrika. Hapo Kipalapala tulikuwa na kiwanda cha uchapaji, TMP, ambacho vitabu vyake viko hadi leo kwenye makabati ya parokia zetu, vimeliwa na mchwa nusu. Lakini chombo kikubwa zaidi cha kuchapia muziki nchi hii ni kaunta buku na kalamu ya bluu. Mwanakwaya wa Uvinza amenakili kwa mwanakwaya wa Kaliua, wa Kaliua kwa wa Tabora. Nyimbo nyingi za John Mgandu, aliyefundisha muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ziliwafikia watu wa vijiji ambavyo havina umeme kwa njia hiyohiyo, kalamu kwa kalamu.

Kunakili nako kuna mambo yake. Alama ndogo ya kushusha noti ikisahaulika, sauti ya tena inaruka oktavu nzima juu. Niliwahi kukuta kwaya moja kando ya reli ambayo tena wake walikuwa wanapiga ukelele mahali fulani kila Jumapili, mishipa imewatoka shingoni, na wanajivunia. Nikaomba kaunta buku. Inzi alikuwa amekaa pale, au alama iliruka, sijui. Iliyoandikwa ilikuwa l ya kawaida, na mtunzi alitaka l ya chini. Nilipowarekebisha walisikitika. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, watu walikuwa wanapapenda pale." Na kitu cha kwanza kupotea huwa jina la mtunzi, kwa sababu liko pembeni juu na mnakili ana haraka. Nawaomba, liandikeni.

Nimtaje mwalimu mmoja wa kwaya ambaye kila mtu humu ndani amemwimba. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya. Alikuwa akiwatungia wanafunzi wake nyimbo, akiziandika kwa solfa kwenye daftari, kama sisi. Mwaka 1897 alitunga mmoja wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Alifariki mwaka 1905, kijana wa miaka thelathini na kitu. Daftari lile hakuwahi kulichapisha. Kwaya nyingine zikauchukua ule wimbo, ukaimbwa Bloemfontein mwaka 1912 kwenye mkutano wa kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, ukaendelea kupanda kaskazini, hadi Desemba 1961 sisi tukauimba kwa maneno ya Kiswahili bendera yetu ikipanda. Zambia wana muziki uleule. Afrika Kusini wenyewe wameuweka ndani ya wimbo wao wa Taifa. Na kaburi la Sontonga halikujulikana liko wapi kwa miaka mingi sana. Ni mwaka 1996 ndipo pale Braamfontein palipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Hebu fikirini kama mwalimu yule angekuwa mimi wa miaka kumi na moja ya kwanza, anaimba, wanarudia.

(Nikiwa bado hapo hapo: kila asubuhi shule za nchi hii huanza Wimbo wa Taifa kila moja kwa Do yake. Mwanafunzi wa zamu anaanza popote, kwa kawaida juu mno, na ikifika kwenye viongozi darasa la saba lote linafoka. Walimu mliomo humu, mfundisheni yule wa zamu aanze chini. Haigharimu kitu.)

Sasa kufundisha kwenyewe. Nilipotoka hospitali niliwaambia wanakwaya kwamba miezi mitatu hatutajifunza wimbo mpya. Watu tisa wakahama kwaya. Wawili walirudi.

Watu wengi hufundisha solfa kama ngazi: do, re, mi, fa, hadi juu, halafu kurudi chini. Mtoto anaikariri kama anavyokariri Januari, Februari, Machi. Ukimuuliza baada ya so inakuja nini atakuambia la. Ukimwambia atoe so kisha mi, anaanza kupanda ngazi upya toka do kama mtu aliyesahau ufunguo ghorofani. Mimi sasa naanza na mbili tu, so na mi. Nazo siwafundishi, wanakuja nazo. Msikilizeni mtoto anayemwita mama yake kutoka mbali: ma-ma. Msikilizeni muuza dagaa anayepita Ng'ambo asubuhi, anavyoliangusha lile neno mwishoni. Hiyo ni so, mi. Ninachofanya ni kuwaambia jina la kitu ambacho tayari wanacho mdomoni. Kisha mkono: so ni kiganja kinachokutazama wewe, mi ni kiganja kilicholala. Alama hizo za mikono nazo ni za Curwen. Do ni ngumi. La mkono unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Wiki mbili natembeza mikono tu, sifungui mdomo, wao ndio wanaimba. Do na re zinafuata, la inafuata. Fa na ti naziacha mwisho kabisa, kwa kuwa mi na fa zimebanana, ni nusu hatua, na sikio ambalo halijatulia litaipeleka fa juu kila siku. Tukishaijua mikono naandika herufi ubaoni. Kufikia hapo herufi haiwatishi, wanaiona kama picha ya mkono.

Mtu mzima anachukua muda mrefu kuliko mtoto kwa sababu anaona haya kuonyesha ngumi mbele ya mkwewe. Karani wa mahakama alinisumbua mwezi mzima. Sasa yeye ndiye anayefundisha.

Nisiwadanganye kwamba kusoma noti kunatosha. Tulikwenda kwenye mashindano fulani na watoto wa shule, kwaya nne. Karatasi yangu ilisema Do ni F, yaani Do iwekwe kwenye sauti inayoitwa F. Nilikuwa na kile kichuma cha miguu miwili mfano wa uma, ukikigonga kinatoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, nilipewa na sista mmoja alipokuwa anarudi kwao. Kutoka hiyo unahesabu unapata F. Siku hiyo nilikiacha nyumbani, mfuko wa gauni jingine. Nikasema, mimi tena, sikio langu ninalijua. Kumbe nilikuwa nimekimbia jua, nimekunywa chai kikombe kimoja, na ninaogopa. Mtu anayeogopa hupandisha. Nikatoa Do iliyokuwa karibu na A. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri, watu wakaanza kutabasamu. Mimi nikawa nimeshajua. Nilikuwa naiona ile d ya juu inakuja, mistari miwili mbele, kama mtu anavyoiona treni akiwa amekwama relini. Walipofika, wasichana wawili walitoa sauti, waliobaki wakafungua midomo tu. Kuna mmoja mfupi wa mstari wa mbele alinitazama. Hakulaumu, alishangaa tu, kama mtu aliyeambiwa maji ni mafupi akakanyaga akazama.

Tukawa wa nne.

Kuhusu maneno ya nyimbo nitakaa kidogo, maana hapa watunzi wetu wapya wananitesa. Kiswahili kina mkazo, na mkazo wake kwa kawaida uko silabi ya pili kutoka mwisho. Mpigo mzito wa muziki ukiangukia silabi nyingine, neno linapinda. Nyimbo nyingi za zamani zilizotoka Ulaya na muziki wake tayari zimepinda hivyo, tumezizoea na tunazipenda, siwezi kuzigusa. Lakini wewe unayetunga leo, Mnyamwezi wa Isevya, kwa nini upinde lugha yako mwenyewe? Kijana mmoja aliniletea wimbo wake unaowahimiza watu wamtengenezee Bwana barabara. Muziki mzuri. Ila mpigo mzito aliuweka kwenye ra ya kwanza. Limbeni mwone: ba-RA-ba-ra. Hiyo ni sawasawa, sawia. Njia ni ba-ra-BA-ra. Kwaya nzima ilikuwa inawaambia watu watengeneze sawasawa, bila kuwaambia watengeneze nini. Alipolisikia alicheka hadi akakaa chini, akalirekebisha kwa kusogeza neno nusu mpigo.

Kingine ni m na n zinazosimama peke yake. Mtu ni silabi mbili, m-tu. Nchi ni silabi mbili, na mkazo uko kwenye ile n: n-chi. Ina haki ya noti yake. Ukilipa neno mtu noti moja, m inamezwa, na waumini wanasikia "kila tu, kila tu". Mbuzi ni kitu kingine, pale m imekumbatiana na b, usiitenge. Hayo huwezi kuyapata kwenye kitabu cha muziki cha Mzungu, hana shida hiyo. Unayapata kwa kulitamka neno polepole kabla hujalitungia.

Sasa bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa wa Sikonge, na kijijini kwao kulikuwa na manju ambaye habari zake nilizisikia hadi nikadhani nimemwona. Manju alikuwa anatunga, anafundisha ngoma yake usiku, siku ya kushindana anaibuka na nyimbo ambazo upande wa pili hawajazisikia. Hakuwa na karatasi. Kila aliyekuwa kwenye ngoma ile aliujua wimbo. Niliposoma Butimba nikaja likizo na maringo yangu ya solfa, bibi akaniuliza: "Na huyu je? Naye alikuwa anahitaji hizo herufi zako?" Sikuwa na jibu. Miaka mingi sikuwa nalo. Halafu siku moja nikamwomba aniimbie nyimbo za manju yule. Akaanza. Kiitikio kikatoka chote, safi. Ubeti: mistari miwili, kisha akanyamaza, akapiga makofi ya mpigo, akasubiri, kama vile mtu mwingine ndiye wa kuendelea. Viitikio walikuwa navyo wote. Beti alikuwa nazo manju peke yake, na alikwenda nazo.

Nikakaa nikajaribu kuandika alichobaki nacho bibi, na cha kwanza kikawa wimbo wa kubembelezea mtoto, kwa kuwa ulikuwa mfupi. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kuna noti moja kwenye mstari wa pili ambayo haikukubali. Nikiandika mi, nikamwimbia, anatikisa kichwa. Nikiandika fa, anatikisa kichwa. Anaimba yeye, nayo ipo palepale kila mara, mara kumi inarudi palepale, katikati ya mi na fa, imetulia kama jiwe la figa. Bibi alikuwa hakosei. Curwen ndiye hakuwa na herufi ya mahali pale. Mpigo nao ulinisumbua, lakini mpigo nilikuja kuupata. Ile noti hadi leo sijaipata. Bibi amefariki. Nimeandika fa, nikaweka alama ya kuuliza juu yake.

Sasa vijana, simu. Sizikatai simu. Wanakwaya wangu wawili wanafanya biashara ya mgebuka Kigoma, wanasafiri na treni, na mwalimu wa sasa huwarekodia sauti zao akawatumia. Wakirudi Jumamosi wanajua kipande chao. Katibu wangu wa baiskeli angeipata hiyo enzi zile, tusingekosa Noeli. Lakini jaribuni kusikiliza. Kuna wimbo unaozunguka sasa hivi, sitautaja, ambao aliyerekodi alto aliteleza mahali pamoja, akaimba fe, yaani fa iliyopandishwa nusu hatua, badala ya fa. Kuteleza tu, sote tunateleza. Nimeisikia fe ile Tabora, nimeisikia Urambo, na mwezi wa nane nikaisikia Ujiji, kwa uaminifu wote, watu wamefumba macho. Karatasi ya mtunzi ipo mtandaoni, kila mtu anaweza kuifungua kwenye simu ileile. Inasema f. Hakuna aliyeitazama, kwa sababu klipu ya sauti inatosha, na klipu ya sauti ni mimi wa miaka kumi na moja ya kwanza, sasa naimba kwa watu elfu moja badala ya 42.

Na kinanda chenye midundo ya kupachikwa nacho nimeambiwa nisikiseme leo, kwa kuwa kuna mtu hapa amekinunua juzi kwa michango. Basi sikisemi.

Mtaniuliza malipo. Kwaya haikuwahi kunilipa mshahara, na shule ilinilipa kwa kufundisha hesabu na Kiswahili. Nimelipwa asali, nimelipwa maembe kwa gunia, kuku, mara moja bati sita za nyumba, na watu 30 waliokuja kumzika mume wangu wakiwa na karatasi mkononi. Siku hiyo sikuongoza mimi. Nilikaa mbele na wafiwa, na wimbo ulikuwa mgeni kwangu, sikuwa nimewahi kuusikia. Walikuwa wameupata usiku ule, wakausoma asubuhi. Alto iliingia mapema kidogo ubeti wa tatu. Niliisikia, na mkono wangu ukainuka wenyewe kutoka mapajani, dada yangu akaushika akaushusha.

Mlipoingia mlipewa karatasi. Kuna waliokwisha kuifanya feni. Ikunjueni. Ni ule wimbo wa bibi, mistari minne, sauti moja tu, nyingine sijazitia kwa sababu hakuziimba. Ile noti yenye alama ya kuuliza mtaiona mstari wa pili. Humu ndani kuna watu wa Sikonge, kuna wa Ulyankulu, na yule mama wa kitenge cha bluu amenong'ona hapo kwamba kwao waliuimba tofauti. Naomba asimame. Nikiimba mimi kwanza mtanirudia, kwa hiyo siimbi. Isomeni kama ilivyo, mkifika pale kila mtu aimbe alichokisikia kwao, nami nitaandika.

Do ni G. Mama, toa wewe.